Habari za Kiwanja cha Vikorokoro



Neno la kiwanja cha watoto limetajwa mara nyingi mikutanoni petu, na kila likitajwa watu hugawanyika. Wako wasemao kwamba ni aibu kuwapa watoto magurudumu makuukuu na masalio ya mbao. Na wako waonao kwamba uwanja ule afadhali ukodishwe kwa wenye maduka. Twaona yafaa, kabla ya kukata shauri, tuitazame historia ya jambo hili, maana si geni duniani.

Katika mwaka wa 1931 mtaalamu wa bustani wa nchi ya Denmark, Bwana Carl Theodor Sørensen, alitoa kitabu juu ya bustani za watu wote. Yeye alikuwa amepanga viwanja vizuri vya michezo, lakini aliona watoto wakipenda zaidi kuchezea penye majengo yasiyokwisha, katika mchanga, mbao na matofali. Basi akashauri pafanywe kiwanja cha vikorokoro, watoto wavitumie kwa akili zao wenyewe.

Shauri hilo lilingoja miaka 12. Tarehe 15 Agosti 1943, nchi hiyo ikiwa mikononi mwa majeshi ya Ujerumani, kiwanja cha kwanza kilifunguliwa Emdrup, katika mji wa Copenhagen. Kilizungushiwa boma la udongo, na ndani yake watoto wakajenga vibanda na kuchimba mashimo. Msimamizi wake wa kwanza, Bwana John Bertelsen, alikuwa mwalimu wa watoto wadogo, na zamani alikuwa baharia. Hakuwaamrisha watoto; alikaa kati yao, akawasaidia walipomtaka. Bwana Sørensen alisema baadaye kwamba kwa kutazama kilikuwa kibaya kuliko kazi zake zote, lakini kwake yeye ndicho kilichokuwa kizuri kuliko zote.

Mwaka wa 1946 Lady Allen of Hurtwood, bibi wa Kiingereza, alikizuru kiwanja hicho. Akarudi kwao na kuwauliza watu kwa nini mahali palipovunjwa na mabomu pasitumiwe hivyo. Mwaka wa 1948 kiwanja kama hicho kilifunguliwa Camberwell, London. Tarehe 20 Novemba 1959 Umoja wa Mataifa ulitangaza kwamba mchezo ni haki ya mtoto. Neno hilo likatiwa katika kifungu cha 31 cha Mkataba wa mwaka wa 1989, ambao Kenya iliukubali mwaka wa 1990.

Tumejifunza mambo mawili. Kwanza, vikorokoro havikuchaguliwa kwa ajili ya umaskini tu, bali kwa kuwa mtoto aweza kuvigeuza apendavyo. Nao wazee wetu walilijua hilo pasipo kitabu: nani kati yao hakusukuma gurudumu kwa kijiti, au kupiga mpira wa matambara uliofungwa kwa nyuzi za mgomba? Pili, mali ya kiwanja ni msimamizi. Pasipo mtu mzima wa kuangalia, lundo la takataka hubaki lundo la takataka.

Kwa hiyo mkikubali, yatupasa kufanya kazi kwa uangalifu. Magurudumu yatobolewe chini, yasishike maji na kuzaa mbu. Yaliyotokeza nyaya yasitumiwe. Mapipa yaliyotiwa dawa ya josho yasikaribie kiwanja kamwe. Misumari iliyotokeza ing'olewe, nguzo za pembea zifukiwe kwa kina, na chini yake umwagwe mchanga mwingi. Akina mama waliokaribu waombwe kushika zamu pamoja na vijana.

Kodi ya maduka ni kitu, hatukatai. Lakini uwanja ukiisha jengwa maduka haurudi, wala utoto haurudi. Watoto hawana kura mkutanoni. Twawaomba ninyi wenye kura mwanene kwa ajili yao.