Kichwa, Ganda, Fataki na Kiasi

Risasi ya walenga shabaha wengi wa Bisley, kusini mwa Uingereza, ina uzito wa punje 155. Risasi hiyohiyo, ukiiweka nzima kwenye mizani kabla haijafyatuliwa, inavuka punje 350. Sentensi zote mbili ni Kiswahili safi, zote mbili ni za kweli, na hapo ndipo shida inapoanza kwa yeyote anayetaka kueleza kwa lugha yetu kazi ya watu wanaojitengenezea risasi mezani kisha wakaenda kuzijaribu kwenye viwanja vya yadi 1000.

Neno letu limebebeshwa mengi. Kwa Kiarabu, lilikotoka, ni jina la metali, ile laini na nzito ambayo fundi redio bado anaiyeyusha kuungia nyaya. Kiswahili kikaipa jina hilo tembe inayoruka, kisha kitu kizima kinachoingizwa kwenye bunduki, mwishowe hata mlio: “tulisikia risasi tatu”. Leo kuna walengaji wanaotumia risasi za shaba tupu, yaani risasi zisizo na chembe ya risasi, na hakuna anayecheka. Bunduki nayo ina asili ya namna hiyo. Bunduq kwa Kiarabu ni kokwa dogo la mviringo. Jina likahamia kwenye vidonge vilivyorushwa kwa upinde, halafu kwenye chombo cha kurushia. Kumbe chombo kizima kimepewa jina la kile kinachokitoka.

Msomaji wa gazeti hahitaji zaidi ya hapo. Anayejaribu risasi anahitaji, kwa sababu kazi yake yote ni kutenganisha. Matundu yakisambaa kwenye shabaha, atalaumu nini? Kama ana neno moja tu atalaumu “risasi” na hatajifunza kitu.

Bahati nzuri polisi walishatufanyia nusu ya kazi. Taarifa zao za matukio zina maganda ya risasi yaliyookotwa na kichwa cha risasi kilichotolewa mwilini. Ganda hubaki, kichwa huenda: maneno mawili ya kawaida, yanayoeleweka Kigoma hadi Lamu, na sioni sababu ya kuyabadilisha. Nasema hivyo kwa sababu nawajua wanaistilahi wenzangu, tunavyopenda kuunda neno la silabi saba pale ambapo mtaa una neno la silabi mbili.

La tatu ni fataki. Vijana wa Tanzania walilijua kwa kampeni ya redio ya miaka ya 2000, ambamo Fataki alikuwa mtu mzima anayewarubuni wasichana wa shule, na watoto wa kila mahali wanalijua kwa fashifashi za sikukuu. Lakini kamusi za zamani zinalipa maana ya kifuniko kidogo chenye kilipukaji, kinachogongwa na nyundo ya bunduki ili kiwashe baruti. Ndicho hasa anachokipachika mtengeneza risasi kwenye kitako cha ganda. Na fataki ina historia ya kuchekesha. Miaka ya 1860 Mmarekani Hiram Berdan alibuni aina moja na Mwingereza Edward Boxer akabuni nyingine. Ya Berdan ikaenea Ulaya, ya Boxer ikashika Marekani. Ganda la Boxer lina tundu moja katikati, hivyo sindano iliyonyooka inapita kutoka juu na kuisukuma fataki iliyotumika itoke, ganda litumike tena. La Berdan kwa kawaida lina matundu mawili pembeni, na sindano hiyo haifai. Ukijiuliza kwa nini Wamarekani ndio walioifanya kazi hii kuwa mazoea ya gereji na meza ya jikoni, sehemu ya jibu ni tundu hilo la Mwingereza.

Baruti haina ugomvi. Kinachogombaniwa ni kipimo chake, na hapa lugha yetu ilishawahi kuwa mbele kisha ikasahau. Enzi za gobore kila mwindaji alikuwa mtengeneza risasi: anamimina baruti mdomoni mwa mtutu, anatia marisau au gololi, anashindilia kwa mdeki. Bunduki za ganda zilipofika pwani, watu waliiita risasi nzima kiasi cha bunduki. Kiasi! Hawakutaja metali wala umbo. Walitaja kwamba mtu fulani alishapima kwa niaba yako. Ningependa neno hilo lirudi, kwa maana finyu zaidi: mchanganyiko mahususi wa kichwa, ganda, fataki na uzito wa baruti ambao mlengaji ameuandika daftarini na anaujaribu. “Kiasi hiki nimekifyatua mara thelathini” ni sentensi inayosimama bila msaada wa Kiingereza.

Uzito wenyewe hupimwa kwa punje, kipimo cha Kiingereza kilichotokana na mbegu ya nafaka: punje 7000 hufanya ratili moja, na punje moja ni gramu 0.0648. Tatizo ni kwamba baruti za bunduki hizi nazo ni vipande vidogo vya mcheduara, na kwa Kiswahili kila kipande ni punje. Mizani za washindani wakubwa husoma hadi takriban punje 0.02, ambayo ni karibu sawa na uzito wa kipande kimoja. Kwa hiyo mtu anaweza kusema kwa haki kabisa kwamba ameongeza punje moja ambayo si punje moja. Mimi ningeviita vipande chembe, punje ibaki mizanini.

Mashindano yanayowasumbua zaidi watu hawa yana jina la mtu. George Farquharson wa Kanada alitaka mchezo ambao mlengaji anayezeeka anaweza kulala kifudifudi, bunduki ikiwa juu ya tegemeo, na kutazama kwa darubini. Kutokana na jina lake tukapata F-Class. Mashindano yake ya dunia yamepigwa Raton, New Mexico, mwaka 2013 na Connaught, karibu na Ottawa, mwaka 2017. Kwa sheria za Marekani, pete ya alama 10 katika yadi 1000 ina upana wa inchi 10, na ile ya X ndani yake inchi 5, yaani sentimita 12.7. Inchi 10 hizo ni karibu sawa na dakika moja ya pembe. Wengi wetu tunapolisikia neno dakika tunaangalia saa, ingawa Kiarabu chake kina maana ya kitu chembamba, kilichosagwa, na sehemu ya sitini ya nyuzi moja ina haki nalo sawa na sehemu ya sitini ya saa.

Sasa fikiria kasi. Kwa bunduki ya .308 (kipenyo cha kichwa kwa inchi), vichwa viwili vikitoka mtutuni vikiwa vimepishana mita 3 tu kwa sekunde, katika yadi 1000 kimoja kitapiga sentimita 7 au 8 hivi chini ya mwenzake. Zaidi ya nusu ya upana wa X imekwisha kabla upepo haujavuma. Ndiyo maana kila anayejaribu anamiliki kipimamwendo, na ndiyo maana namba anayoitamani ni mkengeuko sanifu, yaani kadiri kasi zinavyoachana na wastani wake.

Namba hiyo inadanganya kwa utulivu kuliko matundu ya karatasi. Tuseme mtu amefyatua tano akapata mkengeuko wa mita 3 kwa sekunde. Kwa uhakika wa asilimia 95, hesabu inamruhusu kusema tu kwamba mkengeuko halisi wa kiasi kile uko kati ya 1.8 na 8.6. Hicho si kipimo, ni tetesi. Afyatue 30 na apate 3 ileile, sasa mipaka ni 2.4 na 4. Kiswahili hapa kina ukali usiotafutwa: jaribio na jaribu ni watoto wa kitenzi kimoja. Anayefyatua tatu-tatu kwa viasi kumi, kisha akachagua kichala kidogo kuliko vyote, ametoka kwenye jaribio akaingia kwenye jaribu, kwa sababu kati ya vichala kumi lazima kimoja kiwe kidogo hata kama viasi vyote vina ubora uleule.

Nimesema kichala. Waingereza huita matundu yaliyokaa pamoja kundi, nasi tungeweza kulitumia, lakini kundi ni la ng'ombe wanaotembea. Kichala, kama cha zabibu, kina shina lisiloonekana linalozishika tembe zote, na hilo ndilo swali la mlengaji: je, lipo shina, au ni tembe zilizoangukia karibu?

Maneno mengine ya walengaji wenyewe siyapendi hata kidogo. Tundu likienda mbali na wenzake, huitwa kwa Kiingereza jina lenye maana ya kitu kilichoruka chenyewe, na likishaitwa hivyo halihesabiwi. Kiswahili kinaweza kutenda dhambi hiyohiyo kwa ulaini: “imeniponyoka”. Mjaribu mwaminifu anaandika kosa lake kabla ya kutazama shabaha, au analihesabu tundu hilo pamoja na mengine.

Halafu kuna nodi. Mmarekani Creighton Audette alieneza jaribio linaloitwa ngazi: unapandisha baruti kidogo kidogo, risasi moja kila hatua, na kutazama mahali ambapo matundu yanakataa kupanda ingawa baruti inapanda. Hapo, wanasema, ndipo penye nodi. Katika fizikia ya mitetemo nodi ni mahali, sehemu ya chuma isiyocheza wakati pande zake zinacheza. Walengaji wameling'oa neno kutoka mahali wakalipachika kwenye uzito wa baruti, na likaja na heshima yote ya maabara. Matundu matatu yaliyokaa usawa mmoja, ambayo kesho yangekaa vingine, yakapata jina, na chenye jina ni vigumu kukikana. Tukilitafsiri tutasema fundo, na kila mtu atatafuta kamba. Napendekeza tusilitafsiri. Tuseme kiasi fulani kina uvumilivu: ongeza au punguza punje 0.2, kichala hakihami. Huo ni usemi unaoweza kupimwa na kushindwa, tena na mtu asiyejua lolote kuhusu mitetemo.

Hata uvumilivu una umri. Mbele kidogo ya ganda, pale mifuo ya mtutu inapoanzia, pana sehemu ambayo Waingereza nao wanaiita koo. Moto wa baruti hulila koo hilo kila mlio, mwanzo wa mifuo unasogea mbele, na nafasi ambayo kichwa kinairuka kabla ya kushikwa inaongezeka. Risasi 30 za jaribio la kuaminika ni risasi 30 zilizotolewa kwenye umri wa mtutu, na mtutu wa kichwa chembamba chenye baruti nyingi hauna elfu nyingi za kutoa. Kwa hiyo, kando ya kila kiasi, daftari zuri huwa na safu moja zaidi: mtutu huu ulikuwa umeshafyatua risasi ngapi siku hiyo.