Modeli za kitakwimu za udumavu wa watoto

Modeli za kitakwimu za udumavu ni hesabu zinazotumika kukadiria na kueleza tofauti za udumavu kati ya eneo na eneo. Mtoto wa chini ya miaka 5 huhesabiwa amedumaa ikiwa urefu wake kwa umri uko chini ya thamani ya kati (median) ya viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006 kwa zaidi ya vizio 2 vya mchepuko sanifu.

Nchini Tanzania, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta udumavu wa asilimia 30, lakini wastani huo unaficha mengi. Iringa ilikuwa na takriban asilimia 57. Njombe na Rukwa karibu 50. Hii ni mikoa inayolisha nchi kwa mahindi, hivyo wingi wa chakula peke yake haujibu swali.

Hapo ndipo modeli za ngazi husaidia: humweka mtoto ndani ya kaya, kaya ndani ya kijiji, kijiji ndani ya mkoa, kisha hutenganisha athari za elimu ya mama, uzito wa kuzaliwa, maji, choo na mlo. Modeli za kieneo, hasa zinazotumia mbinu ya takwimu ya Bayes, huazima taarifa kwa wilaya jirani pale sampuli ya wilaya ilipo ndogo mno. Umri usiingizwe kama mstari mnyoofu, kwa kuwa udumavu hupanda kwa kasi kabla ya miaka 2. Matokeo huonyesha uhusiano, hayathibitishi chanzo. Ramani ya makadirio hayo isiyoonyesha kiwango cha mashaka haifai kugawia bajeti.