Maji ya Korona

Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Ilisafirishwa kupitia Hamburg, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Ikapandwa Kikogwe, karibu na mdomo wa mto Pangani, na uzao wake ukaja kufunika mashamba ya Tanga, Muheza, Korogwe hadi Morogoro. Historia ya mkonge husimuliwa hivyo, kwa hesabu ya miche na tani. Mimi niliyezaliwa katika kambi ya vibarua wa mkonge, wilayani Korogwe, nina historia nyingine ya kusimulia: ya mfereji uliotoka nyuma ya korona.

Korona hii ilikuwapo miaka mingi kabla ya ugonjwa wa jina hilo. Ni mashine ya kuchakata mkonge. Majani huingia yakiwa yamebanwa, ngoma zenye vyuma butu huyaponda na kuyakwangua, maji mengi huyaosha, na upande wa pili hutoka singa, tayari kuanikwa na baadaye kupigwa brashi. Singa ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Kilichobaki, yaani nyama ya jani na utomvu wake mkali, kilisukumwa na maji hadi mferejini, kikaingia kijitoni, kikaishia Pangani.

Sisi watoto tuliuogopa mfereji ule. Maji yake yaliwasha kama upupu na kunuka uchachu, na kijito kikipungua kiangazi samaki walielea wamekufa. Baba, Mbena aliyeletwa na SILABU, ile ofisi iliyoanzishwa 1944 kuwakusanya manamba wa mashamba ya mkonge, alituamuru tuchote maji juu ya korona, kamwe tusichote chini yake. Tulitii. Vijiji vilivyokuwa chini ya korona havikuwa na njia ya kufika juu yake. Vilichota palepale vilipo.

Wenye shamba hawakuwa na sababu ya kuhangaika. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, mkonge ndio uliokuwa unaongoza kwa kuingiza fedha za kigeni. Mwaka 1964 uzalishaji ulipita tani 230,000, na hakuna nchi duniani iliyotushinda. Dizeli ililipiwa, vibarua walilipwa, reli za troli zilikarabatiwa. Mto peke yake ulifanya kazi bure, na kisicholipiwa hakiandikwi kwenye daftari.

Baada ya Azimio la Arusha, 1967, mashamba mengi yaliingia mikononi mwa serikali. Mwaka 1974 ikatungwa sheria ya matumizi ya maji, na marekebisho ya 1981 yakaweka viwango vya maji machafu yanayoruhusiwa kumwagwa mitoni. Kwa maandishi, mfereji wetu ulikuwa umepigwa marufuku. Lakini mwenye sheria na mwenye korona sasa alikuwa mmoja, na korona hiyo ililetea taifa fedha za kigeni. Nani angemshitaki nani? Mfereji uliendelea kutiririka.

Ulipokuja kupungua, aliyeupunguza hakuwa hakimu. Ilikuwa kamba ya plastiki. Wakulima wa Ulaya na Marekani waliokuwa wakifungia majani ya mifugo kwa kamba ya mkonge walihamia kwenye ile ya viwandani, bei ikaporomoka, vipuri vikakosekana, magugu yakameza mistari ya mkonge. Mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi nzima ilikuwa inatoa tani 20,000 hivi. Vijito vya Korogwe vilipata nafuu kwa sababu ya umaskini wetu, na sheria isijisifie kwa hilo.

Kisa chenyewe kinageukia hapo. Mwaka 1998 kampuni ya Katani ilichukua sehemu ya mashamba ya serikali. Bei ya singa ilikuwa ndogo, gharama za umeme na dizeli kubwa. Mwenye shamba aliyebanwa hivyo huanza kutazama asilimia 96 aliyokuwa akiimwaga. Nyama ya mkonge ina sukari. Ukiifungia kwenye tangi lisiloingiza hewa, vijidudu huila na kutoa gesi, gesi huendesha jenereta, na masalia huwa mbolea. Ukame wa 2006 ulipoleta mgao wa umeme nchi nzima, hesabu hiyo ilizidi kuwa tamu. Kufikia 2008 mtambo wa kuzalisha umeme kwa gesi ya taka za mkonge ulikuwa umesimama katika shamba la Hale, kwa msaada wa fedha za mashirika ya kimataifa, likiwemo UNIDO. Hale ni palepale ambapo tangu 1964 mto Pangani unazungusha mitambo ya umeme wa maji.

Kwa hiyo nikisikia kwamba kampuni hulinda mazingira kwa kuogopa sheria au kwa kuipenda jamii, naukumbuka mfereji wetu. Sheria tulikuwa nayo tangu 1974, na jamii ilikuwa pale ikichota maji. Kilichosogeza mambo ni gharama ya nishati, pamoja na mtu wa nje aliyekubali kubeba hasara ya jaribio la kwanza. Siwalaumu wenye shamba, hata mimi ningeanza na daftari.

Ila faida huchagua pa kwenda. Tangi hujengwa penye taka nyingi za kulilipia. Korona ndogo, yenye majani machache na mkopo mgumu, itaona mfereji ni rahisi zaidi. Hapo ndipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na Ofisi ya Maji ya Bonde la Pangani, iliyopo tangu 1991, zina kazi ambayo soko haliwezi: kuhakikisha anayechafua maji analipa zaidi ya anayeyasafisha. Waliochota chini ya korona yetu hawakuwahi kuingia kwenye hesabu za shamba lolote. Ada na faini zinazotozwa kweli, kila mwaka na bila kumwogopa mwenye shamba, ndizo zitakazowaingiza.