Kubuni kwa pamoja: Ana kwa ana au mtandaoni?

Tangu mwaka 2020, ugonjwa wa COVID-19 ulipozilazimisha ofisi nyingi duniani kufunga milango, mikutano kwa njia ya video imekuwa sehemu ya kawaida ya kazi. Swali lililobaki ni iwapo wabunifu, kuanzia wahandisi hadi watunga matangazo, hupoteza kitu wanapoacha kuketi katika chumba kimoja.

Jibu mojawapo lilitolewa mwaka 2022 katika jarida la Nature na watafiti Melanie Brucks wa Chuo Kikuu cha Columbia na Jonathan Levav wa Chuo Kikuu cha Stanford, vyote vya Marekani. Katika maabara, watu 602 waligawanywa wawili wawili na kutakiwa kubuni matumizi mapya ya kitu cha kawaida. Walioketi pamoja walitoa mawazo mengi zaidi kuliko waliowasiliana kwa video. Matokeo yalifanana kwa wahandisi wa kampuni moja ya mawasiliano katika nchi tano.

Kwa mujibu wa watafiti hao, chanzo ni macho. Aliye mbele ya kompyuta humkazia macho mwenzake kwenye kioo na kusahau chumba kinachomzunguka. Macho yanapobanwa, fikra nazo hubanwa.

Hata hivyo, ulipofika wakati wa kuchagua wazo lililo bora, waliokuwa mtandaoni hawakuzidiwa.

Aidha, kuketi pamoja nako kuna kasoro zake. Mwaka 1987, Michael Diehl na Wolfgang Stroebe walionyesha kuwa katika mazungumzo ya kikundi wengi husubiri zamu wakati mmoja anasema, na hilo hupunguza mawazo yanayotolewa. Majaribio ya miaka ya 1990 yalibaini kuwa kuandika mawazo kwa wakati mmoja katika kompyuta zilizounganishwa huondoa foleni hiyo, hasa kikundi kinapokuwa kikubwa.

Hivyo, njia hizo mbili hazishindani, bali hupokezana. Kila mmoja aandike mawazo yake kwanza akiwa peke yake. Kikundi kikutane kuyapanua. Kisha uchambuzi na uteuzi uendelee mtandaoni. Kwa kikundi chenye nauli ya kukutana mara moja tu, siku hiyo ni vyema iwe ya kuanza kazi, si ya kuihitimisha.