Donnybrook: Mtaa Uliogeuzwa Jina la Rabsha

Kiingereza kina neno la ile rabsha ya watu wengi, ngumi zinarushwa ovyo na hakuna anayejua nani alianza: donnybrook. Magazeti hulipenda sana wachezaji wa raga au wabunge wanapokunjana mashati. Lakini Donnybrook ni mahali. Watu wanaishi huko.

Kilikuwa kijiji nje kidogo ya Dublin, Ayalandi. Mwaka wa 1204, Mfalme John wa Uingereza alitoa kibali cha kufanya gulio hapo kila mwaka. Karne zikapita, na biashara ya farasi ikazidiwa na sherehe: mahema, muziki, densi, wiski. Na fimbo pia. Watu walipigana, hilo sikatai.

Ishu yangu ni nani alisimulia. Mwaka wa 1828, Pückler-Muskau, mwanamfalme wa Kijerumani, alifika kwenye gulio hilo. Aliona ufukara, kelele na walevi, lakini aliona furaha pia, na akasema hakukuta ule ukatili aliouona Uingereza. Maneno yake hayakuingia kwenye kamusi. Kilichoingia ni picha ambayo Mwingereza aliipenda: Mwayalandi ni mlevi, mpenda vita, hawezi kujitawala. Ukishaamini hivyo, kumtawala kunaonekana ni kumsaidia.

Kufikia katikati ya karne ya 19, jina lilishakuwa neno la vurugu. Mwaka wa 1855, wakuu wa Dublin waliotaka mji wenye heshima walichanga paundi 3,000, wakanunua haki ya kuendesha gulio kutoka kwa familia iliyoimiliki, wakalifunga. Maskini wakapoteza sherehe yao ya mwaka. Leo Donnybrook ni mtaa wa wenye pesa, umetulia tuli, lakini neno bado linapigana.

Sisi wa Nairobi tunaujua mchezo huu. Kuna mitaa ukiitaja kwenye mahojiano ya kazi, uso wa anayekuhoji unabadilika. Hajawahi kukanyaga huko, ila jina limeshamwambia yote.

Kinachonifurahisha ni kwamba Waayalandi walijibu. Mwaka wa 1880, huko Mayo, wapangaji wa mashamba walichoshwa na wakala wa mwenye ardhi, Mwingereza aliyewadai kodi na kutaka kuwafukuza. Hawakumgusa. Waliacha tu kumvunia, kumuuzia na kumsalimia. Aliitwa Charles Boycott. Kabla mwaka haujaisha, jina lake lilikuwa kitenzi, na leo kila Mwingereza akitaka kusema kususia, hana budi kumtaja.

Kwa hivyo kamusi moja imebeba majina mawili. Moja walibandikwa waliotawaliwa, wakaonekana watu wa fujo. La pili walilibandika wao wenyewe, bila kurusha hata ngumi moja.