PAL (televisheni)

PAL ni mfumo wa kurusha matangazo ya televisheni ya rangi kwa njia ya analogi. Uliundwa na mhandisi Walter Bruch wa kampuni ya Telefunken, Ujerumani Magharibi. Matangazo yake ya kawaida yalianza mwaka 1967 nchini humo na Uingereza.

Kwa kawaida picha ya PAL ina mistari 625, na 576 kati yake ndiyo inayoonekana. Kila sekunde hurushwa picha 25, kila moja kwa nusu mbili: mistari witiri na mistari shufwa. Hivyo kioo huchorwa mara 50 kwa sekunde, na mtazamaji huona mwendo usiokatika.

Sehemu moja ya mawimbi ya rangi hugeuzwa kila mstari. Kosa la rangi katika mstari mmoja hukabiliwa na kosa la kinyume katika unaofuata. Yakichanganywa, rangi hufifia kidogo tu badala ya kubadilika, kasoro iliyousumbua mfumo wa NTSC wa Marekani.

Tanzania na Kenya zilitumia PAL. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analogi Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Kenya ilikamilisha mwaka 2015.