Cygwin

Cygwin ni mazingira ya programu yanayoipa kompyuta ya Windows amri na zana za Unix bila kuiondoa Windows yenyewe. Yalianzishwa mwaka 1995 na Steve Chamberlain, mhandisi wa Cygnus Solutions, kampuni ya Marekani iliyonunuliwa baadaye na Red Hat.

Kuyasakinisha si kazi kubwa. Mtumiaji hupakua faili moja, setup-x86_64.exe, huliendesha, huchagua seva ya kupakulia, kisha huteua vifurushi anavyovitaka. Hapo ndipo wageni hukwama: orodha ina maelfu ya vifurushi, na kompaila ya gcc haimo miongoni mwa vile vinavyowekwa vyenyewe. Aliyeisahau huendesha faili lilelile tena na kuiongeza. Kwa kawaida kila kitu hukaa katika folda C:\cygwin64, na diski ya C huonekana kama /cygdrive/c.

Kazi yote inategemea maktaba ya cygwin1.dll, inayogeuza maombi ya Unix kuwa ya Windows. Programu iliyokwisha kutayarishwa kwa Linux haifanyi kazi humo mpaka ikompailiwe upya kutoka msimbo wake. Udhaifu mkubwa ni kasi, hasa pale programu inapozalisha michakato mingi. Tangu toleo la 3.4, Windows ya biti 32 haihudumiwi tena.